Kutoroka si Jinai: Wafungwa wa Vita wa Nanyuki na Safari ya Siku 18, 1943

Kila ninapofundisha sheria za vita, iwe mbele ya maofisa vijana wa jeshi au walimu wa historia, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: askari aliyekamatwa vitani akitoroka kambini, je, hajatenda kosa la jinai? Wengi hushangaa ninapojibu kwamba hajatenda. Anayemshikilia ana haki ya kumzuia, kumsaka na hata kumwadhibu kidogo akimpata, lakini hana haki ya kumfanya mhalifu kwa sababu tu alitaka kurudi kwao. Kanuni hii nimeona inaeleweka vizuri zaidi kwa kisa kilichotokea hapa kwetu, chini ya Mlima Kenya.

Kwanza niseme neno kuhusu lugha, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. Kiswahili kina neno mateka, kutokana na kuteka, nalo hutumika kwa askari aliyekamatwa vitani na vilevile kwa raia aliyekamatwa na majambazi wanaodai fidia. Kisheria watu hawa wawili wako mbalimbali kabisa. Kumteka raia ili kushinikiza jambo ni uhalifu tangu dakika ya kwanza, ilhali kumshikilia askari wa adui aliyejisalimisha ni jambo halali, maadamu atunzwe kama binadamu na aachiliwe vita vikiisha. Hakushikiliwa kwa sababu ana hatia. Ameshikiliwa ili asirudi kushika bunduki. Kwa sababu hiyo napendelea kusema mfungwa wa vita, ingawa nalo neno mfungwa lina kasoro yake, maana linatukumbusha jela na hukumu.

Mwaka 1941 himaya ya Italia katika Pembe ya Afrika ilisambaratika. Majeshi ya Uingereza, yakiwa na askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), yaliingia Addis Ababa mwezi Aprili, na ngome ya mwisho ya Waitaliano, Gondar, ilianguka mwezi Novemba. Maelfu kwa maelfu ya Waitaliano waliletwa Kenya na kuwekwa katika kambi za Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha, Londiani na kwingineko. Wasafiri wanaoshuka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu bado hulipita lile kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942. Hata aliyekuwa makamu wa mfalme wao, Amedeo, Mtawala wa Aosta, alifia Nairobi akiwa mfungwa tarehe 3 Machi 1942, na amezikwa Nyeri.

Miongoni mwa walioletwa alikuwapo Felice Benuzzi, mzaliwa wa Vienna mwaka 1910 aliyekulia Trieste, mwanasheria na mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia nchini Ethiopia. Alifikishwa katika kambi namba 354 ya Nanyuki. Tusidanganyane: kambi zile hazikuwa za mateso. Chakula kilikuwapo, tiba ilikuwapo, barua zilifika ingawa kwa kuchelewa. Lakini mfungwa wa jela huhesabu siku zake, anajua amebakiza ngapi, ilhali mfungwa wa vita hana tarehe ya kutoka. Anaamka, anahesabiwa, anakula, analala, na kesho ni ileile. Daktari wa Uswisi, Adolf Lukas Vischer, aliyetembelea kambi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alieleza hali hiyo akaiita ugonjwa wa seng'enge: hasira za bure, kusahausahau, kushindwa kufuatilia jambo moja, na kukata tamaa kunakomla mtu polepole. Waliobahatika kuokoka kiakili mara nyingi ni wale waliopata kazi ya kuishughulisha akili, hata kama wengine waliiona ya kipuuzi.

Kwa Benuzzi kazi hiyo ilikuwa mlima. Mawingu yalipofunguka akauona ukiwa na theluji yake juu ya uzio, na tangu hapo hakuwa na wazo jingine. Kutoroka moja kwa moja kulikuwa kama ndoto, kwa sababu nchi ya karibu isiyokuwa vitani upande wa kusini ilikuwa Msumbiji ya Wareno, na kuifikia kulimaanisha kuivuka Tanganyika nzima, zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya makoloni ya Waingereza. Basi akaamua kutoroka, kupanda mlima, kisha kurudi kambini. Alipata wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa na uzoefu wowote wa milima.

Ningependa msomaji ajaribu kuviona vifaa vyao, kwa sababu ndani yake mna miezi kadhaa ya maisha ya watu watatu. Kilele cha Batian, kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, kina urefu wa mita 5,199, na njia zake za juu zina barafu ambayo kiatu cha kawaida hakiwezi kuishika. Mpandaji hufunga chini ya soli meno ya chuma. Wao waliyatengeneza kwa vyuma chakavu vya gari bovu na waya wa seng'enge, ule ule uliowazingira. Shoka za barafu zilitokana na nyundo walizoziiba na kuzifua upya. Kamba za kufungana viunoni walizifumua katika vitanda vyao vya katani. Nguo za baridi zilishonwa kutoka kwenye blanketi. Chakula kiliwekwa akiba kidogo kidogo kutoka katika posho ya kila siku, na anayewahi kukaa na njaa anajua uzito wa kukiweka kando kipande cha chokoleti leo kwa ajili ya siku isiyojulikana.

Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni karatasi iliyobandikwa kwenye kopo la nyama na mboga, yenye picha ya mlima kama alama ya biashara. Kwa bahati mbaya ile picha ilichorwa kutoka upande wa kusini, nao walikuwa wanaupanda kutoka kaskazini magharibi. Hebu fikiria mtu anayekwenda mahali penye hatari ya kifo akiongozwa na karatasi ya kopo inayomwonyesha mgongo wa kitu anachokitafuta usoni.

Walitoka tarehe 24 Januari 1943, katika kiangazi, kwa ufunguo wa bandia wa lango la bustani ya mboga. Siku za mwanzo walitembea usiku ili wasionekane na watu, kisha wakaingia msituni wakiufuata Mto Nanyuki, katika makao ya tembo, nyati na chui, bila silaha yoyote. Juu ya msitu huja mianzi, kisha nyika ya baridi, kisha mawe matupu. Karibu na mita 5,000 kila pumzi huleta zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ambayo ingeletwa pwani. Kichwa huuma, tumbo hukataa chakula, na usingizi hukatikakatika. Haya humpata hata mtalii wa leo aliyeshiba na kuvaa vizuri. Barsotti alikuwa mgonjwa, ikabidi abaki katika kambi yao ya chini. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian, dhoruba ya theluji ikawarudisha. Tarehe 6 Februari walifika Lenana, kilele cha tatu, mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao na kuacha chupa yenye majina yao. Kisha wakashuka, akiba ikiwa imekwisha na njaa ikiwa imewaandama, wakarejea kambini kwa siri tarehe 10 Februari na kujisalimisha.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Walihukumiwa kufungiwa selo siku 28. Kwa nini 28, na si miaka? Kwa sababu Mkataba wa Geneva wa tarehe 27 Julai 1929 kuhusu wafungwa wa vita ulisema, katika ibara ya 50, kwamba mfungwa aliyetoroka na kukamatwa kabla ya kuyafikia majeshi yake hastahili zaidi ya adhabu ya kinidhamu, na ibara ya 54 ikaweka mpaka wa adhabu hiyo usizidi siku 30. Hakimu wa kiraia hakuhusika, wala hapakuwa na mashtaka ya jinai. Mkuu wa kambi aliithamini juhudi yao ya kimichezo, kama alivyoiita, na wakatumikia siku 7 tu.

Asidhani msomaji kwamba haya yalitokana na upole wa mtu mmoja. Upole ulipunguza siku kutoka 28 hadi 7. Kilichozuia risasi ni mkataba uliotiwa saini na kuheshimiwa. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 1944, wanahewa 76 wa Uingereza na nchi washirika wake walitoroka kwa handaki katika kambi ya Wajerumani ya Stalag Luft III huko Sagan. Watatu walifika salama na 73 wakakamatwa. Kati yao, 50 waliuawa kwa amri ya Hitler, nchi yake ikiwa mwanachama wa mkataba ule ule wa 1929. Baada ya vita waliotekeleza mauaji hayo walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza mjini Hamburg, na utetezi wa kwamba walitii amri haukuwaokoa.

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaotumika hadi leo na ambao nchi zetu zote za Afrika Mashariki zimeuridhia, ulizifafanua kanuni hizi kwa namna ambayo Benuzzi angeitambua mara moja. Ibara ya 93 inasema kwamba makosa yaliyofanywa kwa nia ya kutoroka peke yake, bila kumdhuru mtu, nayo yaadhibiwe kinidhamu tu: wizi usio wa kujitajirisha, vyeti vya bandia, mavazi ya kiraia. Nyundo za Nanyuki na ule ufunguo vingeingia humo bila shaka. Anayefanikiwa kuyafikia majeshi yake au kuvuka mpaka, kisha akakamatwa tena baadaye, haadhibiwi hata kidogo kwa kutoroka kule kwa kwanza. Na ibara ya 42 inamtaka mlinzi aione silaha kuwa hatua ya mwisho kabisa dhidi ya anayetoroka, tena baada ya kumwonya. Nawasihi maofisa wanaonisoma waikariri ibara hiyo ya 42 kabla ya nyingine zote, kwa kuwa mlinzi wa lindo la usiku hana muda wa kufungua kitabu.

Lakini mfungwa anayetoroka akimjeruhi mlinzi au kumuua raia njiani, hapo anaweza kushtakiwa kwa tendo hilo kama mtu mwingine yeyote, kwa mahakama na haki zote za utetezi. Kinachosamehewa ni kiu ya uhuru, si damu.

Kuna jambo moja ambalo mkataba wa 1929 haukulitatua, nao wafungwa wa Nanyuki waliliona kwa macho yao. Italia ilisalimu amri mwezi Septemba 1943, miezi saba tu baada ya ile safari ya mlimani, lakini waliokuwa Kenya hawakurudishwa makwao. Mkataba ule ulikuwa umeufunga urejeshwaji wa wafungwa na mapatano ya kusimamisha vita au ya amani, na mapatano huchelewa. Benuzzi aliondoka Kenya mwaka 1946. Miaka mitatu baadaye, wajumbe waliokutana Geneva waliandika ibara ya 118, inayoagiza kwamba wafungwa wa vita waachiliwe na kurudishwa makwao bila kuchelewa mara mapigano yanapokoma, bila kusubiri mkataba wa amani.