Asilimia 97 ya barafu ya Greenland: ya eneo, si ya ujazo

Wengi wanaamini kwamba Julai 2012 karibu barafu yote ya Greenland iliyeyuka kwa siku chache. Imani hiyo ina chanzo cha kweli: setilaiti zilionyesha dalili za kuyeyuka kwenye takriban asilimia 97 ya eneo la barafu hiyo.

Asilimia hiyo, hata hivyo, ni ya eneo. Barafu ya Greenland ina unene unaozidi kilomita 3 katikati yake. Kilichoyeyuka ni uso, na katika nyanda za juu maji mengi yalizama kwenye theluji yakaganda tena. Ingeyeyuka yote, bahari duniani zingepanda kwa wastani wa mita 7 hivi, na pwani nyingi zingeliona hilo.

Wapo pia wanaosema kwamba sampuli za barafu zilizochimbwa kileleni mwa barafu hiyo zinaonyesha uso uliyeyuka hata 1889, kwa hiyo hakuna la kutia wasiwasi. Hoja hiyo haisimami. Tukio la siku chache peke yake haliamui mjadala wa tabianchi. Penye uzito hasa ni kwenye hesabu ya miaka mingi ya barafu inayoongezeka na inayopotea: vipimo vya mvutano wa dunia (ambao hupungua kidogo pale barafu inapopungua) vilivyoanza kuchukuliwa kutoka angani 2002 vinaonyesha Greenland ikipoteza, kwa wastani, zaidi ya tani bilioni 200 za barafu kila mwaka.

Ukikutana na asilimia, uliza: ya eneo, ya ujazo au ya uzito? Kwa siku ngapi, au miaka mingapi? Ramani za kila siku za kuyeyuka na grafu za uzito wa barafu zipo mtandaoni bila malipo. Zitazame zote mbili.