Alama ya mdomo haitaji kabila

Kwenye nyumba ya harusi hapa Mombasa, kikombe cha chai kikibaki na rangi ya mdomo hakosekani wa kusema: "Polisi wakikipata hicho watamjua mwenyewe, hata kabila lake." Kabila? Hapana.

Itazame alama yenyewe kwa karibu: mistari mingine imesimama wima toka juu hadi chini, mingine imegawanyika kama matawi, mingine imekatana kama msuko wa jamvi. Wajapani Suzuki na Tsuchihashi waliigawa katika aina mwaka 1970. Tafiti za baadaye zimekuta aina fulani ikizidi katika jamii fulani, lakini aina zilezile zimo kote, na mdomo mmoja huwa na kadhaa. Kuzidi si kumiliki.

Na kumtambua mtu mmoja? Hapo pana utata. Mdomo ni laini. Ukibonyeza zaidi, au rangi ikiwa nzito, alama hubadilika. Huko Illinois, Marekani, mtu alitiwa hatiani mwaka 1997 kwa ushahidi uliojumuisha alama ya mdomo kwenye utepe wa gundi. Baadaye mahakama ikaamuru kesi isikilizwe upya. Mimi ningeanza na mate ukingoni mwa kikombe: humo mna DNA.