Mpira wa gofu hautafutwi kwa macho makali

Jumamosi tena. Kedi mgeni, yaani mbeba mabegi ya wachezaji wa gofu, kaniona natoka kichakani na mpira wa tatu mkononi, akasema "mjomba wewe una macho bana". Jamani nimechoka na hii kauli. Miaka yote niliyobeba mabegi ya gofu hapa Tanga ni macho, macho, wakati gazeti nalisoma kwa miwani.

Macho makali yatakusaidia nini kama umesimama mahali ambapo mpira haupo? Mtu akipiga, jicho linajua vizuri mpira umeelekea wapi, ila umbali linadanganya, na karibu kila mchezaji anaamini kapiga mbali kuliko alivyopiga. Basi wachezaji wote wanne wanaenda kuinama kule mbele, wanakanyaga majani, wanamsingizia kunguru, na mpira umelala hatua 20 nyuma yao. Mimi mpira ukiwa bado hewani nachagua kitu nyuma yake, mnazi uliopinda au nguzo, afu natembea moja kwa moja kuuelekea huo mnazi hata kama njiani kuna michongoma. Ukikwepa michongoma ukazunguka, mstari umeshaupoteza, utatafuta mpaka magharibi.

Wanaopigia mkono wa kulia, hasa wanaojifunza, mipira yao inakata kulia kwa sababu uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa umefunguka, yaani umegeukia kulia, kwa hiyo kichaka cha kulia ndio ghala. Halafu ongeza upepo. Wakati wa kusi mpira uliopanda juu sana unasukumwa kaskazini, kaskazi ikiingia mambo yanageuka. Lakini niseme ukweli, kuna siku nimefuata mstari, nimepima upepo, nimetoka mikono mitupu, na kesho yake mpira ukaonekana mahali ambapo ningeapa haukufika. Nahisi uligonga tawi. Mti ukishaingia kati, ujuzi wangu wote unabaki kubahatisha.

Sasa linaloniudhi kuliko yote ni hili la kutafuta kitu cheupe. Usitafute cheupe! Mvua za vuli zikinyesha uyoga unajaa uwanjani, kuna makaratasi, kuna makombe ya baharini, utainama mara mia bure. Mpira wenyewe ukilala kwenye ukoka wiki mbili za mvua unashika rangi ya udongo, na unaoonekana ni upande mdogo tu kama ukucha. Akina mama wanaochokoa pweza wakati wa bamvua, maji yakitoka, unadhani wanamtafuta pweza? Pweza ana rangi ya jiwe. Wanatafuta mlango wake, yale makombe aliyokula akayatupa nje. Na wewe tafuta ukoka uliolazwa upande mmoja, jani lililovunjika, kitu cha mviringo mahali ambapo kila kitu kimechongoka. Na nenda jioni, saa kumi na moja hivi, jua likiwa chini, maana mipira mingi ina vishimo zaidi ya 300 na kila kimoja kinabeba kivuli chake, hakuna uyoga wenye sura hiyo.

Mpira ukiingia mtaroni usiseme umechukuliwa na maji. Mpira wa gofu ni mdogo ila mzito, hata kwenye maji ya bahari unazama. Vua viatu, papasa kwa nyayo, basi.

Kwenye mchezo kanuni inakupa dakika 3 tu za kuutafuta mpira, tangu 2019, zamani zilikuwa 5. Sawa, mchezo lazima uende. Mimi raha yangu inaanza wachezaji wakishaondoka, hakuna anayenihimiza. Watu wanauliza nauza bei gani, mingine nauza kweli, mingi naijaza kwenye ndoo nawagawia watoto wanaojifunza, ila sio hela inayonipeleka pale. Ni ile sekunde majani yanafunguka na unaukuta, una herufi mbili za maka peni alizoandika mtu nisiyemjua, umekaa hapo pengine tangu masika, na moyo unaruka kama mara ya kwanza. Nausugua kwenye suruali, nauangalia, naendelea.

Yule kijana nikamwambia njoo kesho jioni, simu iache kwenye begi. Akaja. Nikamwonyesha mnazi, nikamwambia nenda usipinde. Akaenda polepole, kufika katikati ya majani akasimama, mguu mmoja kaunyanyua kidogo.

"Mjomba, nimekanyaga kitu."