Kiungo kilichovimba huacha mlango wazi

Mgonjwa wa baridi yabisi anaumwa vidole na magoti, lakini methotreksati aliyomeza inazunguka mwili mzima. Ndiyo maana huinywa mara moja tu kwa wiki, huongezewa asidi ya foliki, na hupimwa damu na ini mara kwa mara. Mimi ni mfamasia, na nimeona watu wakiacha dawa inayowasaidia kwa sababu ya vidonda vya mdomoni. Hilo huniuma.

Kwa hiyo nafuatilia kwa makini vipovu vya mafuta viitwavyo liposomu, ambavyo Alec Bangham alivieleza huko Uingereza miaka ya 1960. Kipovu kimoja kina upana wa nanomita 100 hivi. Panga 10,000 ndipo upate milimita moja. Dawa hukaa ndani yake.

Uzuri wake ni huu: kiungo kikivimba, mishipa ya damu kwenye utando wake huvuja. Vipovu hupenya hapo, ilhali mishipa mizima huvizuia. Vikishaingia humezwa na makrofaji, seli zilezile zinazochochea uvimbe. Mwaka 2003 Josbert Metselaar na wenzake wa Uholanzi walichoma panya sindano moja ya prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, iliyofungwa ndani ya liposomu, na uvimbe ukatulia kabisa kwa karibu wiki nzima. Dozi ileile bila vipovu haikuupunguza. Japani, kwa upande wao, wametumia Limethason, steroidi ndani ya matone ya mafuta, tangu miaka ya 1980.

Sasa macho yapo kwenye chembe mpya za lipidi, yaani mafuta, zile zilizobeba chanjo za Uviko zilizotengenezwa kwa RNA, molekuli inayobeba maagizo ya seli. Zinaweza kubeba RNA fupi ya kuzima TNF, protini inayowasha moto wa uvimbe. Kikwazo ni ini. Chembe zikiingia kwenye damu hujivika protini iitwayo apolipoprotini E, na ini huzidaka. Onpattro, dawa ya RNA fupi iliyoidhinishwa mwaka 2018, ilifaidika na jambo hilo kwa kuwa ini ndilo lililolengwa. Sisi tunalenga goti.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusichome chembe hizo moja kwa moja kwenye kiungo. Kwa goti moja, sawa. Lakini baridi yabisi huweza kushika vidole vyote vya mikono miwili kwa pamoja, na mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuvumilia sindano kila kifundo.