"Used to" si "huwa"

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Tabata alikuja jioni tufanye mazoezi ya intavyuu. Anaomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya mjini. Nikamuuliza kwa Kiingereza anafanya kazi gani kwa sasa. Akajibu bila kusita: "I used to work at a guest house in Sinza." Nikampa pole, nikamuuliza aliacha lini. Akanitazama kwa mshangao.

"Sijaacha, mwalimu. Kesho naingia zamu ya asubuhi."

Nimeyasikia haya kwa miaka, na wiki ile nikaona nisinyamaze tena. "I use to wake up at five." "We use to pray together every Sunday." "My boss used to come late", na bosi mwenyewe hadi leo anachelewa. Watu waliosoma vizuri wanayasema, wanayaandika kwenye barua za kazi, na wengine wanafundisha hivyo. Kwa kijana wa jirani kosa lilipita sarufi: alijiachisha kazi mwenyewe mbele ya mtu anayetaka kujua kama ana kazi.

Maana yake ni fupi. "Used to" ikifuatwa na kitenzi inasema kwamba jambo lilikuwa likifanyika kila mara, au hali fulani ilidumu, zamani, na sasa halipo tena. Kwa Kiswahili cha kuongea ni "nilikuwa naenda". Kwenye maandishi "nilikuwa nikienda". Dar es Salaam used to be the capital, maana mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Samora Avenue used to be called Independence Avenue. Na mji huu una vituo vya daladala vinavyoisema sentensi hii kila siku bila Kiingereza: ukishuka Mnazi Mmoja, jina linakuambia hapa palikuwa na mnazi. "There used to be a coconut tree here." Jina limebaki, mti usiutafute.

Kinachoniumiza ni kwamba sisi tunaitumia kinyume kabisa. Tunaitaka iseme "huwa". Kiswahili kina hu-, kiambishi kizuri ambacho hata hakijali nani anatenda: mimi huamka, wewe huamka, wao huamka. Mtu akishazoea kuwa na chombo kama hicho, anakitafuta na kwenye Kiingereza. Anataka neno la kuweka kabla ya kitenzi ili mazoea yaonekane. Anakutana na "use to", linafanana na anachokitafuta, analichukua.

Ila nadhani mkosaji mkubwa ni "nimezoea". Msikilize mtu wa Dar: "Nimezoea kununua mboga kwa yule mama." Hasemi kwamba hapo mwanzo alipata shida ya kununua kwa yule mama, sasa amekuwa sugu. Anasema ndiko anakonunua siku zote. Yaani "nimezoea" yetu inabeba mizigo miwili: kutoshtuliwa tena na kitu, na kufanya kitu kila mara. Tena ina -me- ndani yake, kwa hiyo mtafsiri wa haraka anaona jambo limeshatimia, anakimbilia "used". Hapo sentensi inageuka. Alitaka kusema ni mteja wa kila siku; amesema amehama.

Na kihistoria hatukosei kwa ujinga. Neno "use" Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kutoka Kilatini, ambako "usus" ilikuwa matumizi na pia desturi. Kwa karne nyingi Kiingereza kilikubali maana zote mbili, na ile ya desturi ilitumika hata kwa wakati uliopo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi 119:132, mwandishi anamwomba Mungu amrehemu "as thou usest to do" kwa wale walipendao jina lake, yaani kama ufanyavyo siku zote. Hiyo ndiyo "huwa" kamili! Angekuwa hai mtu wa zama zile, angemwelewa kijana wa jirani yangu bila tatizo. Lakini wakati uliopo ukaliacha neno hilo, desturi ikabaki kwenye wakati uliopita peke yake. Sisi wenyewe tunayo ya namna hiyo: hakuna anayesema "yu mgonjwa" kwenye kituo cha Buguruni, ila "yupo" na "yuko" zinasemwa na kila mtoto. Neno linaondoka upande mmoja linaendelea kuishi upande mwingine.

Ndugu zake wamebaki pia. "Usual" na "usually" ni wa ukoo huo huo, na hao ndio wanaobeba desturi ya sasa.

Sauti nayo imechangia. "Used" ya kutumia ina z: "yuzd". "Used to" ya zamani ina s, na d yake imemezwa na t inayofuata, kwa hiyo sikio linapata kitu kama "yustu". Mwanafunzi asiyesikia d hawezi kuiandika, ndiyo maana "use to" imejaa kwenye madaftari. Tofauti ya z na s hufanya kazi kweli. "This is the knife I used to cut the bread": hapo ni kisu nilichokitumia, na mwenye lugha anatamka z. "I used to cut bread at a bakery": hapo nilikuwa mkata mikate, na anatamka s. Herufi ni zile zile, sentensi haziko karibu hata kidogo.

(Kwenye swali na kukanusha d inaondoka kwa haki: "Did you use to live in Tanga?", "I didn't use to like it." Hapo "did" imeshachukua wakati uliopita, kwa hiyo "use" haina haja ya d. Watu wengi huandika d hata hapo, sitagombana nao.)

Sasa kuna ile ya tatu, inayochanganywa na hizo kila mara: "be used to". Hii ina "am", "is" au "are" kabla yake, na ndiyo "nimezoea" ya kutoshtuka. "I am used to the traffic" anaweza kuisema yeyote anayetoka Mbagala alfajiri kuwahi Posta. Ikifuatwa na kitenzi, kitenzi huvaa -ing: "I am used to waking up early." Ondoa "am" na ile -ing, ukasema "I used to wake up early", na msikilizaji ataelewa kwamba siku hizi unalala mpaka jua litoke.

Nikamwambia kijana aseme tena kazi yake. Akafikiri sana, akaanza "I am use to work", akasimama mwenyewe.

"Toa yote hayo," nikamwambia. "Sema tu: I work."

"I work at a guest house in Sinza." Akanyamaza kidogo. "Mbona fupi hivyo, mwalimu? Si itaonekana kama nafanya leo tu?"

Hapana. Kwa Kiingereza kitenzi kitupu ndicho "huwa". Anayefanya leo tu angesema "I am working". "I work" ni kazi yako, ya jana, leo na kesho. Ukitaka kuikazia, weka "usually": "I usually work at night."

Akajaribu mara tatu, nne. Nikamuuliza swali la pili, kama ataweza zamu za usiku. Akavuta pumzi, akasema taratibu: "Yes. I am used to working at night."