Akiba ndogo ya mayai si utasa

Akiba ya mayai ni makadirio ya mayai yaliyosalia katika ovari za mwanamke. Hukisiwa kwa kupima damu, hasa homoni ya AMH inayotoka kwenye vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua. Damu yake hutolewa siku yoyote ya mwezi, tofauti na FSH, homoni nyingine ya uzazi, ambayo kipimo chake husubiri siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachoniuma ni hiki: hapa Malindi karatasi ya maabara ikirudi imeandikwa AMH 0.6, yaani ndogo, mwanamke keshaitwa tasa kabla hajafika nyumbani. "Mayai yamekwisha." Jamani, hapana. AMH hukisia wingi, haijui uzima wa yai. Huo hutegemea zaidi umri. Ni kama kuhesabu madafu kutoka chini ya mnazi, maji yake hujayaonja. Na mwenye akiba ndogo, maadamu hedhi yake inakwenda sawa, kwa kawaida bado hupevusha yai kila mwezi, na mimba ya kawaida yataka yai moja. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliwafuata wanawake 750 hivi wa miaka 30 hadi 44, wasio na historia ya ugumba. Wenye AMH ndogo hawakuonekana kuchelewa kushika mimba kuliko wenzao. Tena AMH kubwa nayo si hakikisho: wengi wenye ovari za vifuko vingi wanayo, na yai halipevuki kwa mpango.

Kipimo hiki kina kazi yake. Anayetungishiwa mimba nje ya mwili huchomwa sindano za kuchochea ovari, na AMH humsaidia daktari kupanga dozi na kukisia atavuna mayai mangapi. Hapo akiba ndogo ina uzito kweli.

Basi dada, tazama kwanza kipimio kilichoandikwa kando ya namba: 0.6 kwa nanogramu ni kama 4.3 kwa pikomoli, usijilinganishe na jirani kwa namba tupu. Mweleze daktari kama unameza vidonge vya kupanga uzazi, maana huweza kuishusha. Na wifi akikuuliza, mjibu taratibu: akiba yangu ni ndogo, lakini mirija haijapimwa, wala kaka yako hajapimwa mbegu.