Jino la Skrubu Nalo Huugua

Ukikaa kwenye benchi la kusubiri daktari wa meno hapa Kisumu, hukosi kusikia kwamba jino la kupandikizwa haliugui kwa kuwa ni chuma. Nusu yake ni kweli. Titani, chuma cha skrubu inayopandwa mfupani badala ya mzizi wa jino, haitoboki. Kinachougua ni fizi na mfupa vinavyoishikilia skrubu yenyewe.

Ukoga ukiganda shingoni mwa jino, bakteria hujenga utando. Fizi huvimba na kutoa damu ukipiga mswaki, baadaye usaha, na mfupa huliwa polepole. Mara nyingi hakuna maumivu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Wavutaji sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa na waliowahi kuugua fizi vibaya wamo hatarini zaidi.

Siku hizi imani nyingine imeingia: leza inamaliza yote. (Mama mmoja aliniuliza kama ni ile ya kutoa nywele.) Mwanga wa leza huua bakteria, na baadhi ya aina zake huweza kubandua utando juu ya titani. Lakini ni msaidizi tu. Kazi kubwa ni kukwangua ukoga kuizunguka skrubu, na mfupa ukishaliwa sana, daktari huipasua fizi ili afike chini. Katika baadhi ya tafiti leza ilipunguza fizi kutoka damu kwa miezi michache. Kwamba inarudisha mfupa, ushahidi ni hafifu.

Ukitajiwa leza peke yake, muulize daktari skrubu itasafishwaje kwanza.